Ugonjwa Uliovaa Kanzu Yetu

Amani kwenu nyote, mliotoka msikitini, mliotoka kanisani, na wewe uliyeingia kwa sababu uliona viti viko wazi. Ninamshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na sauti, maana nitaihitaji. Mama anayeongoza kundi hili la wazazi ameniomba nizungumze kwa upole. Mimi ni mtu mpole. Waulizeni wasichana ninaowafundisha kusoma Kurani hapa Lubumbashi, katika komini yetu inayoitwa Kenya. Wengine wamenikalia katika sura moja tangu mvua mpaka kiangazi na sijawahi kuinua fimbo. Lakini ndugu zangu, nawaambia, habari hii kila nikiisimulia inanichemsha. Mtanivumilia.

Majina hatutaji hapa, hata kama tunajuana. Nitasema binti yangu, mkwe wangu, mama mkwe, jirani, daktari. Binti yangu mwenyewe ameniruhusu. Alisema, “Mama, sema yote, juu mwenye iko anateseka peke yake mu nyumba asikie.” Basi nasema yote.

Sisi asili yetu ni Maniema. Babu yangu aliletwa Lubumbashi na cherehani yake, akashona kanzu za watu wetu na suti za wakubwa mpaka macho yakamwisha. Mnatuita Bangwana, sisi Waislamu wa Maniema, nasi hatukasiriki. Tuko wachache katika mji huu, na mtu aliye mchache anajifunza mapema kutompa jirani neno la kusema. Kwetu binti akipata shida, kwanza tunafunga mlango, ndipo tunaulizana ni shida gani. Nyumba nyingine haziulizani hata hilo.

Huyu binti ni mziwanda wangu. Ni fundi wa kushona, anapenda kucheka hata pasipo na cha kuchekesha. Aliolewa na kijana mwema anayefanya biashara ya samaki na mahindi kutoka upande wa Kasenga. Mama wa kijana anakaa Kasomeno, kwenye barabara hiyo hiyo, ana duka lake. Mungu akawapa mtoto wa kiume. Kwa kuwa ni uzazi wa kwanza, binti alirudi kwangu akae arobaini.

Ninyi wa upande mwingine niwaeleze kidogo. Kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani siku arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wenye pilipili manga, hatoki nje ya lupango, yaani ua wa nyumba. Na muda wote damu ya uzazi inapotoka, swala haimhusu. Hasali, hafungi, wala hadaiwi swala hizo baadaye. Mungu mwenyewe amempumzisha.

Ilianza kwenye mikono. Ananawa kabla ya kumshika mtoto. Vizuri, nani atakataza? Kisha ananawa, anamshika, anamweka, ananawa tena kwa sababu kanga yake imegusa sakafu. Kisha anaosha ziwa kabla ya kunyonyesha, analiosha tena kwa kuwa tone limeruka, na mtoto analia kwa njaa mpaka sauti inakauka huku mama yake akisugua. Nguo za mtoto zilizokauka kambani anazirudisha kwenye beseni: ndege amepita juu yake. Ngozi ya vidole vyake ikaanza kupasuka. Na maji kwetu hayatoki bombani kila mara yakitakiwa, mnajua wenyewe. Yanakuja kwa bidoni, juu ya vichwa vya watu.

Wageni walikuja kumwona mtoto. Mnadhani walisema nini? Walimsifu! Mama mkwe alikuja kutoka Kasomeno na kuku wake wawili, akaketi, akamtazama binti yangu akinawa, akaniambia, “Mukwe, weye ulilea mutoto! Angalia vile anashika tohara. Bamama ba leo beko bachafu, yeye hata kugusa mutoto ananawa kwanza.”

“Ananawa kwanza, ananawa katikati, ananawa mwisho,” nikamjibu. “Maji ya kupika bukari iko wapi?”

“Aa, mukwe! Mwalimu wa dini njo anakataza tohara?”

Wanawake wote wakacheka. Mmoja akasema hiyo ni baraka ya kuzaliwa katika nyumba ya mwalimu, mwingine akasema atamleta binti yake aje kujifunza. Kujifunza! Binti yangu hakucheka. Alikuwa akitazama mikono yake kama mtu anayetazama mikono ya mwingine.

Nikakaa na jambo lile, likanisumbua. Mimi nimefundisha tohara miaka mingi. Tohara ina mlango wake: mtu anatawadha ili asali. Huyu yuko katika damu ya uzazi, swala hana. Sasa udhu wa nini? Anajiandaa kwenda wapi kwa kunawa huku, ikiwa safari yenyewe ameondolewa? Nikawauliza wale wanawake. Wakaniambia, “Mama Mwalimu, unahesabu sana. Acha mutoto apende dini.” Ndugu zangu, kuna wakati watu wanaomba Mungu awape macho, na macho wanayo.

Siku arobaini zikaisha. Damu ilikuwa imekatika, akaoga, nikamtandikia mkeka asali nami. Hakufika kwenye mkeka. Kila akitaka kuja anarudi kunawa, eti hakumbuki kama maji yalifika kwenye kiwiko. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, yeye bado yuko kwenye beseni. Kisha akaacha kumshika mtoto kabisa. Ananyonyesha mtoto nikiwa nimemshika mimi, yeye mikono ameikalia. Nikimwambia, “Mshike mwanao,” anasema, “Shika weye, Mama. Mikono yangu haitakate.”

Asubuhi moja jirani yetu akasimama mlangoni na kitunga. Jirani huyu ni Mkatoliki, watu wao walitoka kaskazini ya Katanga, baba yake alifanya kazi ya reli. Ni mtu wa mdomo, na moyo wake ni mkubwa kuliko mdomo.

“Mama Mwalimu, munahama bila kuniaga?”

“Tunahama kwenda wapi?”

“Siyuwe! Binti yako aliniletea bisu byote bya jikoni, na makasi yake ya kushona. Alisema, ‘Mama, unitunzie.’ Nikasema, ee, hawa Bangwana beko na siku kuu ya kukata nyama na meno?”

Nilicheka, maana alivyosema ilichekesha. Kisha kicheko kikanikauka. Fundi wa kushona ametoa makasi yake nyumbani? Nikamwambia jirani azidi kuvitunza, nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikamuuliza binti. Alirudi nyuma mpaka ukutani.

“Mama, usiniletee mutoto.”

“Kuna nini, mwanangu?”

“Mawazo inaingia. Sitake, inaingia. Naona kisu, naona mutoto. Ninanawa juu itoke, haitoke.”

“Umemfanya kitu?”

“Hapana! Hata kiloko! Njo maana nilitoa bisu.” Akaificha mikono yake nyuma ya mgongo. “Mama, miye ni shetani?”

Nilimshika. Nimesoma vitabu, nimewafundisha watoto wa watu jina la kila malaika. Nilimshika tu.

Basi habari ikatoka, namna habari zinavyotoka, na kila mtu katika Kenya akawa daktari. Jamaa mmoja wa kwetu alikuja na maji aliyoyasomea, akasema aogeshwe nayo asubuhi na jioni. Maji! Mtu anaangamia ndani ya maji, dawa yake maji! Nilimshukuru kwa nia yake, nikamrudishia chupa yake, naye akaondoka akisema mwalimu amekuwa mgumu. Mchungaji wa mtaa wa nyuma alituma ujumbe kwamba atamtoa pepo bila malipo, mradi tuje wote na mlango uwe wazi watu waone. Wazee wetu waliniita kando: “Mambo ya lupango inabaki mu lupango. Ukimupeleka ku hospitali, batasema Bangwana beko bazimu.” Nikawauliza, mkimficha, nyinyi mnaweza kumponya? Wakakohoa. Wazee wakikohoa wote pamoja, ujue hawana jibu.

Nikampeleka hata hivyo. Kituo kimoja cha afya, sitasema kipi. Nikaeleza yote kwa muuguzi, msichana mwenye adabu, alinipa kiti, akasikiliza na kutikisa kichwa. Kisha akasema, “Mama, ile ni dini yenu. Baislamu banapenda kunawa, shiye tunayua. Hatuwezi kuingilia.”

“Binti, unajua nini hasa?”

“Tunaheshimu dini ya kila muntu, Mama.”

Tazameni jambo hilo, ndugu zangu, maana ndilo lililonichosha kuliko yote. Nyumbani waliona ugonjwa wakauita dini, wakausifu. Kituoni waliona ugonjwa ule ule wakauita dini, wakauheshimu. Mmoja kwa sababu anatupenda, mwingine kwa sababu hatujui, na wote wawili wakamwacha mtoto wangu mahali pale pale. Heshima ya namna hiyo, afadhali angenitukana halafu amchunguze.

Walisema kuna kikao cha wamama waliojifungua, aende akazungumze. Vyema. Kikao kiko Ijumaa, saa ile ile ya swala ya Ijumaa. Nikasema haidhuru, ugonjwa unatangulia, nikamsindikiza. Kilifunguliwa kwa wimbo wa Yesu. Simlaumu mtu kwa kumwimbia Bwana wake, nimekaa katika misiba ya majirani na nyimbo zao ninazijua. Lakini binti yangu ambaye anadhani ana shetani, anaingia mahali ambapo kila mtu anajua maneno ya wimbo isipokuwa yeye. Kisha mazungumzo yakawa kwa Kifaransa kitupu, naye Kifaransa chake ni cha sokoni. Kisha kiongozi akamgeukia, kwa wema kabisa: “Mama, unaweza kutoa kitambaa. Huku tuko banamuke tu, usiogope bwana yako.”

Bwana yake! Yule kijana hawezi hata kumfukuza mbuzi kwenye mahindi yake. Binti yangu alivuta mtandio ukamfunika mpaka kwenye nyusi, na tukirudi nyumbani akaniambia, “Mama, sirudi pale. Banadhani shida yangu ni nguo.”

Siku hiyo nilishindwa. Nawaambia bila kuficha. Niliwaambia wanafunzi wangu warudi kwao, nikakaa juu ya mkeka na sikuweza kuomba. Ninajua dua za shida zote, hakuna hata moja iliyopanda mdomoni. Nilisema tu, “Ee Mungu, unaona,” nikarudia hivyo hivyo, na mtoto analia chumbani, na maji yanamwagika kwenye beseni.

Ndipo mama mkwe alipoingia kutoka Kasomeno mara ya pili. Safari hii hakuja na kuku. Alikuja na kopo la maziwa ya unga na kanga mpya ya kubebea mtoto, na mwanawe nyuma yake anatazama chini.

“Mukwe wangu,” akasema, “sikuye kugombana. Mutoto anaenda na miye. Nilisikia habari ya bisu.”

“Mtoto ananyonya.”

“Atakunywa ya kopo. Bengi balikomaa na ya kopo.”

Nikamgeukia kijana. “Na wewe baba wa mtoto unasemaje?”

“Mama anasema...”

“Mama yako nimemsikia. Nakuuliza wewe.”

“Miye...” akasema, akatazama mlango kana kwamba jibu litapita pale. “Miye niko na woga, Mama. Kwa mutoto, na kwa bibi yangu. Na bantu batasema.”

Na binti yangu, wenzangu, binti yangu ambaye angepigania mtoto wake na simba, alisema kutoka chumbani, kwa sauti ndogo, “Mumuchukue. Njo vizuri. Mumuchukue mbele sijafanya kitu.”

Nilijua kwamba mtoto akipanda gari la Kasomeno siku ile, mama yake hatapona. Angebaki na beseni lake, na miaka ingepita, na watu wangesema yule mwanamke mcha Mungu alikataa mtoto wake. Na yule mtoto angekua akiambiwa hivyo.

Nikainuka. Nikamwambia mama mkwe, “Leo ni siku yako ya kumchukua, sikukatazi. Ila kwanza unifuate mjini, wewe na mwanao. Kuna daktari mmoja, jirani yangu ananiambia ni mwanamke anayesikiliza, dada yake alipona kwake. Akisema mtoto aende, mimi mwenyewe nitamfunga mgongoni mwako.”

“Dokta wa bazimu?”

“Dokta wa wazazi. Twende.”

Kijana akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatangulia kutoka. “Mama, tuende,” akasema. “Tusikie.” Mungu ambariki kwa maneno yale machache, yalimgharimu.

Tulikaa mbele ya daktari, sote wanne na mtoto. Alimwona binti yangu, mtandio, vidole vilivyopasuka, akauliza kwa upole, “Mama, kwenu kunawa ni sehemu ya dini, si ndiyo?”

Subira yangu ya miaka yote, ndugu zangu, ilifikia hapo.

Nikasema, “Daktari, nisikilize. Dini hiyo ninaifundisha mimi. Kiungo kinaoshwa mara tatu, inatosha. Ukiingiwa na shaka baada ya kumaliza, unaambiwa uiache shaka na uende kusali. Na mwanamke katika damu ya uzazi hana swala, kwa hiyo hana udhu wa kushika, na huyu ndipo alipoanza kunawa zaidi. Vitabuni kwetu hali hii ina jina, tunaiita wasiwasi, na hakuna aliyewahi kuiita ibada. Basi usiniulize habari ya dini. Huu ni ugonjwa, umevaa kanzu yetu. Uvue hiyo kanzu, utazame aliye ndani.”

Daktari aliweka kalamu chini. Hakukasirika. Alisema, “Asante, Mama. Hilo nililihitaji.” Akawaomba wengine wangoje nje, nikabaki mimi kwa sababu binti alinishika nguo.

Akamuuliza maswali ambayo mimi nisingethubutu. Kama anasikia sauti. Kama anatamani kufa. Kama ameona mtoto si wake. Binti akajibu hapana, hapana, hapana, akilia. Kisha akamuuliza, “Hayo mawazo ya kisu, yanakuvuta au yanakutisha?”

“Inaniogopesha, dokta. Sipate usingizi. Njo maana nilipeleka bisu kwa jirani.”

“Basi sikiliza. Mtu anayetaka kumdhuru mtoto hapeleki visu kwa jirani. Wewe unampenda mtoto mpaka mapenzi yamegeuka hofu, na hofu imekamata mikono yako. Wamama wengi wanapata hivi baada ya kuzaa. Wanaogopa kusema, wakidhani wako peke yao. Ni ugonjwa. Una dawa.”

Binti yangu akauliza, “Siko shetani?”

“Uko mama aliyechoka na aliyeugua,” daktari akasema. Na mimi, mtu mzima, nikafunika uso kwa mtandio wangu.

Alimpa dawa ambayo mwenye kunyonyesha anaweza kuinywa, akiwa anamfuatilia. Na kazi nyingine, ngumu kuliko dawa: kunawa mara moja, kisha kukaa na ile hofu mpaka ishuke yenyewe, bila kurudi kwenye maji. Akanigeukia, “Mama, nisaidie. Kipimo cha dini yenu ni kipi, ili nisimwambie jambo akalikataa?” Tukakaa, mimi na yeye, tukapanga: kumshika mtoto, kunawa mara moja; udhu, kila kiungo mara tatu, basi. Tangu nizaliwe Lubumbashi, ndiyo mara ya kwanza mtu wa hospitali kuniuliza kwetu tunafanyaje, na kungoja jibu.

Kisha akamwita mama mkwe. Akamwambia wazi kwamba mtoto abaki na mama yake, kwamba kumwondoa kungeongeza ugonjwa, lakini asiachwe bila msaidizi karibu.

Mnadhani alishukuru? Alikunja kanga yake mpya polepole. “Bon,” akasema. “Mutoto haendi Kasomeno. Basi miye siende Kasomeno.”

Na akabaki! Msinicheke. Aliniletea godoro lake chumbani mwangu, anakoroma kama gari la mizigo, anasema sombe yangu haina chumvi, mafuta yangu ni machache. Lakini alijiwekea kigoda kando ya beseni, kama askari. Binti akitawadha, akifika mara ya tatu, yeye anapaza sauti, “Tatu! Toka!” Binti akisimama anatetemeka, yeye anamshika mkono wenye maji na kumwambia, “Ogopa tu, mwanangu. Ogopa, niko hapa. Itapita.” Na ilipita. Kesho inarudi, na inapita tena. Mwanamke huyo amenikera kila siku ya Mungu, na kila siku ninamwombea maisha marefu.

Msidhani ilikuwa wiki moja. Kulikuwa na siku za kurudi nyuma, siku alizotupa dawa, siku aliyonilaumu mimi kwamba ninamfanya asali bila tohara. Siku hiyo nilimwambia, “Mwanangu, kama ni dhambi, niandikie mimi.” Akasali. Baada ya muda akamlaza mtoto kwenye paja akiwa ameketi. Kisha akamwogesha yeye mwenyewe, mama mkwe amesimama mlangoni amejifanya anatafuta kiatu. Kisha jirani akavirudisha vile visu kimoja kimoja, kadiri binti alivyoviomba, na kila akileta anasema, “Huyu amesharudi ku kazi.” Sasa anashona tena. Mawazo yanakuja mara chache bado. Anayaambia, “Nimekuona, pita,” na anaendelea na cherehani.

Ninawashukuru. Jirani, aliyetunza vitu vyetu na hakututangaza. Daktari, aliyeweka kalamu chini. Mkwe wangu kijana, aliyetangulia kutoka mlangoni. Mama mkwe, na kigoda chake, na kukoroma kwake. Na kundi hili, ambalo baada ya mimi kuja kuwapigia kelele lilihamisha kikao kutoka Ijumaa kwenda Jumanne, na sasa tunafungua kwa kunyamaza kidogo, kila mtu amwambie Mungu kwa namna yake, na mazungumzo ni kwa lugha ya nyumbani. Mlikasirika siku ile. Lakini mlibadilisha, na mimi nahesabu kubadilisha, kukasirika sihesabu.

Sasa neno langu. Ninyi watu wangu, Bangwana wenzangu: mwanamke aliyezaa akianza kuwa mtakatifu ghafla, asile, asilale, asimshike mtoto, msimpigie vigelegele. Mkalieni karibu, mumuulize kinachomwogopesha. Mungu aliyempumzisha katika swala hawezi kumtuma ajichune ngozi. Na kumpeleka kwa daktari si kumvunjia nyumba heshima. Heshima ya nyumba ni watu wake kuwa hai.

Na ninyi mnaofanya kazi katika vituo: akija kwenu mtu wa watu wachache, Mngwana, au yeyote ambaye desturi yake hamuijui, msimwambie “ni dini yenu” halafu mkafunga daftari. Hamjui. Muulizeni. Na kama anajibu kwa hasira kama mimi, mvumilieni, huenda mmekuwa watu wa kumi kumjibu hivyo.

Namwomba Mungu awalinde wenye mimba waliomo humu, na wenye watoto wachanga, na waume wanaotazama chini, na wakwe wenye midomo, na...

Huyo ni mjukuu wangu analia pale nyuma, msishtuke. Hapana, mama, keti. Usimpokee. Na wewe dada, keti, mwacheni. Mmeona? Ameshainuliwa.

Ana mama yake.